Umaskini uliokithiri: ni asilimia 8 au 49?

SWALI: Ndugu mtaalamu, mimi ni mtendaji wa kijiji wilayani Newala. Naandaa taarifa ya kuombea mradi wa maji. Ripoti moja inasema Watanzania wanaoishi katika umaskini uliokithiri ni asilimia 8, nyingine inasema asilimia 49, na zote zinazungumzia mwaka 2018. Nishike ipi? Halafu, mtu mwenye mikorosho yake anaweza kweli kuwekwa kwenye kundi hilo?

JIBU: Ndugu Mtendaji, hakuna ripoti iliyodanganya hapo. Zote zimetumia takwimu zilezile za Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa 2017/18, uliofanywa Tanzania Bara. Kilichotofautiana ni mstari wa umaskini uliochorwa, yaani kiwango cha matumizi ambacho aliye chini yake huhesabiwa maskini.

Asilimia 8 imepatikana kwa mstari wa kwetu, wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu, unaoitwa umaskini wa chakula. Wataalamu hupiga hesabu ya gharama ya chakula cha kumpa mtu mzima kilokalori 2,200 kwa siku, kwa vyakula ambavyo wananchi wenyewe hula. Mwaka ule ilikuwa shilingi 33,748 kwa mwezi. Ambaye matumizi yake yote hayafiki hapo, hata akiacha sabuni, nauli na daftari la mtoto, bado hashibi. Juu yake kuna mstari wa mahitaji ya msingi, shilingi 49,320, na walio chini ya huo walikuwa asilimia 26.4.

Asilimia 49 ni ya mstari wa Benki ya Dunia, wakati ule dola 1.90 kwa mtu kwa siku. Dola hiyo msiitafutie bei kwenye duka la kubadilishia fedha. Ni dola iliyorekebishwa kwa kulinganisha bei za nchi na nchi, kwa sababu fungu la muhogo sokoni Newala haliuzwi kwa bei za Marekani. Hata baada ya marekebisho hayo, mstari wao unakuwa juu ya yote miwili ya kwetu. Isitoshe, wao humhesabu kila mtu kichwa kimoja kamili, wakati sisi mtoto mdogo tunamhesabu kama sehemu tu ya mtu mzima. Nyumba ya bibi, binti yake na wajukuu wanne kwao ni watu sita. Kwetu ni pungufu ya hapo, kwa hiyo matumizi yaleyale yanaonekana kumfikia kila mmoja kwa wingi zaidi. Mstari huo nao umeshabadilishwa: mwaka 2022 ulikuwa dola 2.15, na tangu Juni 2025 ni dola 3.00. Ukinukuu asilimia bila kutaja mstari na mwaka wake, msomaji wako hajui umesema nini.

Sasa mikorosho. Swali hili nalipenda, kwa sababu huku kwetu Mtwara na Lindi ndiko linakoleta ubishi mkubwa. Kinachopimwa ni matumizi ya kaya, si mali iliyosimama shambani. Muhogo na mbaazi alizolima mwenyewe hutiwa thamani na kuhesabiwa, na watafiti huzungukia kaya mwaka mzima ili msimu wa korosho usipotoshe hesabu.

Mchukue yule bibi. Mwezi wa nane mjukuu kaugua, hela hakuna, akaja mtu wa kangomba, yaani mnunuzi wa magendo anayelipa bei ya chini kabla ya mavuno, na fedha mkononi. Korosho zikaondoka zingali maua. Novemba wenzake wanapeleka magunia chama cha msingi cha ushirika na kusubiri mnada. Za kwake anaokota yeye, lakini mzigo si wake tena. Mwezi wa pili, ghala tupu, nyumba ile inakula mlo mmoja. Mikorosho ipo palepale, imesimama, na kaya iko chini ya mstari wa chakula. Anayepita barabarani akaona shamba lile atasema bibi ana uwezo.

Tahadhari moja kwa kazi yako. Asilimia hizi zimetoka kwenye sampuli, kwa hiyo huwezi kuzishusha kijijini ukasema nasi tuna asilimia 8. Wala usizichanganye na orodha ya kaya maskini ya TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Kule mkutano wa kijiji hupendekeza majina, kisha kaya huulizwa habari za nyumba, mali na wanaowategemea, na kanuni ya hesabu inakisia hali yao. Hakuna anayepima wanachokula. Ndiyo maana kaya kama ya bibi yule inaweza kuachwa nje, na mkutano ukihoji jambo hilo una haki.

Katika taarifa yako andika hivi: "Kwa mstari wa umaskini wa chakula wa Taifa, 2017/18, asilimia 8 ya wakazi wa Tanzania Bara." Kisha eleza hali ya kijiji kwa mnachokijua wenyewe: kaya ngapi zinakula mlo mmoja kabla ya mavuno, ngapi ziliuza kangomba, na ndoo ya maji inauzwa shilingi ngapi kiangazi. Kwa ombi la mradi wa maji, ningeanza na hiyo bei ya ndoo.