Kalamu na Saa ya Mkononi

Wauguzi wenzangu mnaoanza kazi katika hospitali za Dar es Salaam, naomba niwaeleze jambo ambalo mimi nililijua kwa kuchelewa, nalo ni namna ya kuishi na udhaifu wako bila kuuficha na bila kujidharau.

Mimi si mwepesi wa hesabu za kichwani. Mwaka wangu wa kwanza, katika zamu ya usiku, niliagizwa kumwekea mgonjwa dripu ya lita 1 iishe kwa saa 8, na kwa kuwa mwenzangu alikuwa amesimama karibu, niliona haya kutoa kalamu. Nilikadiria, nikalegeza kigurudumu cha mpira wa dripu, nikaenda kitanda cha pili. Niliporudi, maji yalikuwa yameshuka kupita kiasi. Mgonjwa hakudhurika, namshukuru Mungu; lakini nilijilaumu hadi adhana ya alfajiri, na lawama hizo hazikunifundisha hesabu hata moja.

Aliyenifundisha ni sista mkuu wa zamu. Aliandika kwenye kipande cha boksi la glavu: mililita 1,000 mara matone 20 ambayo mpira ule hutoa kwa kila mililita, gawanya kwa dakika 480 za saa 8, unapata kama matone 42 kwa dakika. Kisha akavua saa yake, tukayahesabu matone pamoja dakika nzima. (Mipira mingine hutoa matone 15 kwa mililita, kwa hiyo someni pakiti kwanza.)

“Mwanangu,” aliniambia, “asiyeweza kusimama huswali ameketi, na asiyeweza kuketi huswali amelala. Wewe andika.” Mimi ni Mkristo, nikamkumbuka Mtume Paulo, aliyeomba mara 3 aondolewe mwiba wake wa mwilini, yaani udhaifu wake, akaambiwa kwamba neema yamtosha, na mwiba ukabaki palepale.

Hata hivyo, nimewaona wanaoigeuza huruma hiyo kuwa kichaka cha uvivu: mtu anaruka kuhakiki dozi, akiulizwa anajibu kwamba ndivyo alivyoumbwa. Mgonjwa hakuumbwa kuubeba udhaifu wetu. Ukijijua huna kasi, fika mapema kabla ya kukabidhiana zamu, hata kama ni kudamka kuwahi mwendokasi ya kwanza kutoka Kimara, na umwambie mwenzako waziwazi, “Dada, naomba unihakikie hii.”

Mimi huisema sentensi hiyo kila zamu, hata kwa wanafunzi wa mazoezi, na wengi wao hukokotoa haraka kuliko mimi.