Mkwe anataka mwanangu afungiwe ndani siku ya ngoma

Mwanangu wa Tandahimba, nimekusoma. Kwa wasomaji wengine kwa kifupi: mtoto wake ana miaka 6, hospitali walisema ni usonji, haongei na kelele zikizidi anaziba masikio analia. Desemba mtoto wa wifi yake anatoka jando, korosho zishalipwa kwahiyo ni ngoma ya haja, sasa mkwe katoa amri huyu mdogo afungiwe chumbani mpaka wageni waondoke asije akawaaibisha, na anasema kisa chote ni mama alivunja mwiko akiwa mjamzito. Mume yuko kimya. Anauliza afanyeje.

Kumfungia hapana. Mtoto hawezi kusema ana kiu wala anaumwa, watu wote wako kwenye ngoma, nani atamsikia?

Hilo la mwiko sasa. Usidhani ni wazee wa kwetu tu wanaomtupia mama lawama, Marekani huko daktari wa akili Leo Kanner alipoeleza usonji mwaka 1943 aliwasema wazazi wa watoto hao kwamba wachache tu ndo wana mapenzi ya kweli, na miaka mingi baadae wataalamu na digrii zao wakawa wanawaambia akina mama nyie ndo mmewaharibu, mpaka 1964 Bernard Rimland, mwanasaikolojia mwenye mtoto wa usonji nyumbani kwake, akapinga akasema hili ni suala la ubongo, alafu 1977 uchunguzi wa mapacha ukaonyesha kuna kurithi ndani yake. Kurithi maana yake na damu ya upande wa mkwe inaweza kuwemo, ila hilo usimwambie siku ya ngoma jamani, utazua lingine. WHO, Shirika la Afya Duniani, wanakadiria mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji, kwahiyo kwenu wapo, wengine huwaoni sababu nao wamefungiwa.

Lakini na wewe usimkalishe karibu na spika usiku kucha ili kumkomoa mkwe, atakayeumia ni mtoto. Mpeleke mapema kabla ngoma haijachanganya, wamwone, apewe pilau yake, akianza kuziba masikio ondokeni na mtu aliyemzoea. Na mtume somo yako, yule aliyekufunda, aongee na mkwe kabla ya siku yenyewe, somo anaweza kumwambia mama mtu mzima maneno ambayo wewe mkamwana ukiyasema ni kukosa adabu.

Ila kilichoniuma zaidi sio mkwe. Umeandika kurasa mbili za mkwe na mstari mmoja wa mume, kwamba "yeye hasemi kitu na kliniki hajawahi kuja". Huyo hajui usonji ni nini, anajua anachosikia kwa mama yake tu! Usigombane nae, mwambie kliniki ijayo ni yeye anambeba mtoto na yeye ndo anauliza maswali, wewe kaa kimya kabisa hata ukiwashwa mdomo. Akitoka hapo ya mama yake atayaongea mwenyewe.

Jando la huyu mdogo lisikuumize kichwa sasa hivi. Cha haraka ni shule, Januari sio mbali, nenda halmashauri muulize afisa elimu maalum shule gani ina kitengo cha watoto kama wako. Nenda na mumeo, na cheti cha hospitali mkibebe.