Mkikutana na timu inayowazidi kila kitu, amueni kwanza mnawaachia nini

Mkuu, umeuliza kama Jumamosi, dhidi ya timu inayowazidi, mpaki basi (wote mkae nyuma kulinda goli) au mfunguke, na majibu ya wenzangu nimeyasoma yote. Upande mmoja unasema kaeni kumi nyuma, butueni, ombeni sare. Upande wa pili unasema mpira ni uleule, wao nao wana miguu miwili, wakabieni juu kuanzia filimbi ya kwanza. Mimi nimecheza beki wa kati miaka mingi kwenye timu ambayo karibu kila mechi tulikuwa tunabanwa, baadaye nikakaa benchi la ufundi la timu nyingine ya hadhi hiyohiyo. Kwa niliyoyaona, pande zote mbili zinabishania jambo la pili kabla ya la kwanza. Timu inayowazidi itapata kitu tu, mtake msitake. Hamna watu wa kutosha kuziba kila mahali. Kaeni kwanza mkubaliane mnawaachia nini, maana mkishakubaliana hapo, suala la kukaa nyuma au kupanda juu halitawachukua hata dakika kumi.

Chukua hesabu ya uwanja. Uwanja wa mechi kubwa una upana wa mita 68. Mabeki wanne wakijitawanya kutoka chaki hadi chaki (mistari ya pembeni), kila mmoja ana mita 17 za kulinda, na sijamwona bado binadamu wa kulinda mita 17 dhidi ya winga mwenye mbio. Eneo la penalti lina upana wa mita 40 na ushee. Wanne walewale wakibana ndani ya upana huo, kila mmoja anabaki na mita 10 hivi, na kiungo yupo karibu kumsaidia. Maana yake pembeni mmewaachia. Beki aliyeambiwa waziwazi kwamba pembeni tumewaachia hatoki kwa hasira kumfuata winga na kuacha pengo mgongoni. Ambaye hakuambiwa atatoka tu, kwa sababu winga anamchezea na watu jukwaani wanapiga kelele.

Lakini wewe umesema namba tisa wao (mshambuliaji wa kati) ni mrefu na anapiga vichwa, kwa hiyo huwezi kuwaachia pembeni kiholela. Krosi si zote sawa. Ile inayopigwa kutoka mbali, mita thelathini na kitu kutoka golini, beki anaiona inakuja, anaipokea uso kwa uso, na kipa ana muda wa kutoka kuipiga ngumi. Ile ya kutoka mstari wa goli, hasa inayorudishwa nyuma chini kwa chini, inamkuta beki anakimbia huku ameelekea goli lake mwenyewe. Akigusa anajifunga, asipogusa kuna mtu anakuja nyuma yake. Mimi nimefungwa mabao ya aina hii ya pili mengi kuliko aina nyingine yoyote, na mara nyingi mfungaji hata sikumwona.

Kwa hiyo mwachieni winga mpira akiwa mbali, apige krosi zake za huko, lakini asifike mstari wa mwisho. Beki wa pembeni asimame upande wa chaki na amlazimishe kuingia ndani, kwenye msongamano wa viungo wenu. Makocha wengi wanafundisha kinyume, kwamba msukume nje. Na kama namba tisa wao angekuwa mfupi, hata mimi ningekwambia umsukume nje ahangaike na krosi zake mpaka jioni. Kwa huyo wenu, hapana.

Kitu kingine cha kuwaachia, ambacho mashabiki hawakipendi kabisa, ni beki wao wa kati. Tulipangiwa mechi ya kombe na timu ya madaraja mawili juu yetu. Kocha wetu alikwenda kuwatazama wakicheza, akarudi na jambo moja tu: beki wao wa kati wa kulia anatumia mguu mmoja tu, na akipewa muda anamtafuta namba sita (kiungo anayecheza mbele ya mabeki) kila mara. Mshambuliaji wetu akaambiwa asimkimbilie yule beki hata kidogo. Kazi yake ikawa kusimama kati yake na namba sita, basi. Dakika za mwanzo ilionekana kichekesho. Jamaa anapokea mpira, hakuna anayemkabili, anatazama kulia, anatazama kushoto, anarudisha kwa kipa. Kabla ya mapumziko mashabiki wao wenyewe walikuwa wanamzomea, naye akaanza kuuburuta mpira mbele ili aonekane anafanya kitu, na kila alipopanda, nyuma yake pakabaki wazi. Tulifungwa 1–0 kwa penalti mwishoni. Lakini timu ile ilikuwa na uwezo wa kutupiga sita, na namba sita wao, aliyekuwa injini yao, sidhani kama alipokea pasi safi tano akiwa ameelekea goli letu.

Anayedhani kuwaachia kitu ni lugha ya waoga aikumbuke Saudi Arabia dhidi ya Argentina, Kombe la Dunia 2022. Argentina walikuwa hawajapoteza katika mechi 36. Saudia chini ya kocha Hervé Renard hawakukaa golini kwao. Waliweka mstari wa mabeki juu karibu na katikati ya uwanja, wakawaachia Argentina uwanja mzima mgongoni, wakategemea mtego wa kuotea, yaani mabeki kupanda pamoja ili mshambuliaji abaki ameotea. Messi akafunga penalti mapema, halafu mabao matatu ya Argentina yakakataliwa kwa kuotea kabla ya mapumziko. Kipindi cha pili Al-Shehri na Al-Dawsari wakafunga ndani ya dakika tano na mechi ikaisha 2–1. Kamari? Ndiyo, kubwa, na waliofuata, Poland na Mexico, wote wakawafunga Saudia. Lakini siku ile wachezaji kumi wa ndani walikuwa na wazo moja. Mtego wa kuotea ukiwa na beki mmoja anayesita, unawapelekea mshambuliaji akiwa peke yake na kipa.

Morocco kwenye mashindano hayohayo walichagua kinyume kabisa. Hispania waliachiwa mpira, wakapiga pasi elfu moja hivi kwa dakika 120, matokeo 0–0, halafu Morocco wakashinda penalti 3–0. Mpaka wanafika nusu fainali, timu ya kwanza ya Afrika kufika hapo, Morocco walikuwa wameruhusu bao moja tu, nalo walijifunga wenyewe dhidi ya Kanada. Hispania walipewa mpira na pembeni. Kilichozibwa ni katikati, mbele ya mabeki, alipokuwa kiungo wao Amrabat. Timu mbili, mipango iliyopishana kama usiku na mchana, na zote zilijua zimetoa nini.

Sasa nirudi kwa wale wa "kaeni kumi nyuma, butueni". Hapa nina ugomvi nao wa kweli. Angalia Kundi E la mwaka huohuo. Costa Rica walikaa nyuma dhidi ya Hispania, wakapigwa 7–0, na mechi nzima hawakupiga shuti hata moja. Japani nao walikaa nyuma dhidi ya Hispania ileile, umiliki wa mpira wao chini ya asilimia 18, wakashinda 2–1. Tena katikati ya hapo Costa Rica waliwafunga Japani 1–0, kwa hiyo usiniambie Japani walikuwa na vipaji vya mbinguni. Tofauti ilikuwa kwamba Japani wakipora mpira walikuwa na pa kuupeleka, na walichagua muda wa kutoka: walianza kipindi cha pili kwa kukabia juu ghafla, na kufikia dakika ya 51 wametoka kuwa nyuma 1–0 na wanaongoza 2–1. Halafu wakarudi nyuma tena.

Kama nina jambo moja la kukusisitizia kutoka kwenye maumivu ya magoti yangu, ni hili la kutoka. Beki hachoki kwa kukaba. Anachoka kwa kuokoa mpira halafu kuuona unarudi kabla hajavuta pumzi. Unapiga kichwa, mpira unadondoka mita 25 mbele, pale hakuna mtu wenu, wao wanauokota na mnaanza upya. Mkirudia hivyo kwa nusu saa, mtu anakosa hatua moja na bao limeingia, kisha lawama anabebeshwa beki. Lakini chanzo ni kwamba hakukuwa na mtu wa kuushika mpira ule wa pili.

Umesema mna kijana mmoja mwenye mbio. Msimrudishe kukaba kona wala faulo. Mwacheni juu, karibu na mstari wa katikati, upande wa beki wao anayependa kupanda. Akibaki nusu yenu ya uwanja hawezi kuhesabiwa ameotea hata mabeki wao wote wakiwa wamempita, kwa hiyo wao watalazimika kuacha watu wawili nyuma kumchunga. Umeshapunguza washambuliaji wao bila kumkaba mtu. Mpeni na mwenzake wa kusimama karibu, hata awe mzito, mtu wa kuushika mpira sekunde mbili na kumtengea. Na pasi ya kwanza mkipora isiende mbele moja kwa moja. Hilo linawashangaza watu, lakini mpira ukiporwa pale ulipo, wapinzani wako wengi palepale na wanakuja kuudai. Pasi ya kwanza iwe fupi, kuutoa mpira kwenye msongamano, na ya pili ndiyo iende kwa kijana. Fanyeni hilo mazoezini wiki nzima, hata kama mtaacha mengine yote. Sita kwa sita kwenye eneo dogo, timu ikipora ina pasi mbili tu za kumfikia mtu aliye nje ya eneo. Inachosha, wachezaji watanung'unika, endeleeni.

Mipira iliyotengwa (kona, faulo, ya kurusha) sina haja ya kuisemea sana, kila mtu anajua ndiyo mlango wa mnyonge. Celtic waliwafunga Barcelona 2–1 Novemba 2012, na bao la kwanza lilikuwa kichwa cha Victor Wanyama kutoka kwenye kona. Iceland mwaka 2016 walisawazisha dhidi ya Uingereza kwa mpira mrefu wa kurusha. Nitaongeza dogo tu: kurusha hakuna kuotea. Kama mna mtu wa kurusha mbali, kila mpira unaotoka kwao karibu na kona ni nafasi yenu, na hamhitaji umiliki wowote kuupata.

Kumwekea nyota wao mtu wa kumfuata mpaka chooni? Siipendi. Wao wakishagundua, nyota anatembea pembeni na kumvuta mtu wenu, na katikati panafunguka. Kupoteza muda nako siku hizi hakulipi kama zamani. Kipa akishika mpira zaidi ya sekunde nane sasa ni kona kwa wapinzani, na mkiwa na namba tisa mrefu mbele yenu hiyo kona hamuitaki.

Lipo jingine ambalo hakuna aliyeligusa: mtafanya nini mkifungwa mapema? Lisemeni chumbani kabla ya mechi, si baada ya bao. Saudia walikuwa nyuma 1–0 wakati wa mapumziko. Japani walikuwa nyuma dhidi ya Ujerumani na dhidi ya Hispania. Iceland walifungwa penalti dakika ya nne. Hakuna aliyetupa mpango wake kwa bao moja. Timu kubwa haiwapigi mabao matano kwa sababu ya la kwanza. Inawapiga kwa sababu baada ya la kwanza mabeki wawili wanataka kulinda, viungo wanataka kusawazisha, na kati yao panabaki mita thelathini ambazo namba kumi wao anazitafuta tangu asubuhi. Wekeni makubaliano: mpaka dakika ya 70 tukiwa nyuma kwa bao moja, hakuna kinachobadilika. Baada ya hapo kocha aamue, na ni mtu mmoja tu uwanjani mwenye ruhusa ya kupiga kelele ya kupanda. Kwetu alikuwa namba sita. Kipa hapana, anaona vizuri lakini hasikiki mbele.

Kwa hiyo mkuu, kwa hao ulioeleza, mimi ningeenda na mabeki wanne wanaobana, viungo wanne mbele yao wasiozidi mita kumi na mbili kutoka kwa mabeki, mzito na kijana wa mbio juu. Wapeni mpira, wapeni krosi za mbali, wapeni beki wa kati. Msiwape mstari wa mwisho wala namba sita. Kuna kimoja hukukisema na ninakihitaji kabla sijakujibu zaidi: kati ya mabeki wao wawili wa pembeni, ni yupi anapanda akasahau kurudi? Kama hujui, mtume mtu akawatazame wakicheza katikati ya wiki, na umkataze kabisa kufuata mpira kwa macho. Amtazame huyo beki tu, dakika tisini.