Goldifishi kajibanza pembeni, hali chakula: usikimbilie dawa

Mkuu, umesema goldifishi wako mmoja kajitenga kwenye kona tangu juzi, mapezi kayabana, chakula hagusi, wenzake wawili wako sawa, na unauliza kama umwage ile dawa ya bluu uliyouziwa dukani. Subiri kwanza. Huu ni mwaka wangu wa saba na hawa samaki, na wengi niliowazika nyuma ya mgomba (watoto wakisimamia mazishi) hawakuuliwa na ugonjwa. Waliuliwa na maji, na maji niliyaharibu mwenyewe.

Nilikuwa na wanne kwenye tangi la lita 80. Jumamosi moja nikajitia usafi, nikatoa sponji ya filta, nikaisugua kwa maji ya bomba mpaka ikatakata, nikairudisha. Kufika Jumanne wote wako juu, midomo wazi, mashavu yanapiga haraka haraka kama mtu aliyepanda ghorofa ya nne na ndoo kichwani. Kesho yake mkia wa mmoja una mistari myekundu, myembamba kama uzi. Nikasema hao ni vijidudu, nikamwaga dawa. Wawili wakafa. Kumbe kwenye ile sponji wanaishi bakteria wanaogeuza amonia ya kinyesi kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo makali yake ni madogo. Klorini ya bomba iliwamaliza, amonia ikapanda ikawaunguza matamvua (wanayopumulia). Siku hizi sponji naikamulia kwenye ndoo ya maji niliyochota humo humo tangini.

Ndiyo maana swali langu la kwanza huwa: anaumwa mmoja au wote? Wakizidiwa wote kwa mpigo, shuku maji. Akiwa mmoja kama wako, maji pima vilevile (amonia na nitriti zote zisome sifuri), halafu mkague yeye asubuhi kabla ya kuwalisha. Goldifishi mzima ni mlafi, akikuona tu anakuja kiooni kuomba. Akikataa kula, ana jambo. Ila kumkuta katulia chini usiku taa zikiwa zimezimwa si ugonjwa, kalala, macho hayafungi kwa sababu hana kope.

Tafuta vidoa vyeupe kama chembe za chumvi, mwilini na mapezini, na uone kama anajikwaruza kwenye changarawe. Hicho ni kimelea, na dawa unatia tangi zima, kwa sababu inakipata kikiwa kinaelea majini, siyo kikiwa kimejichimbia kwenye ngozi. Usiache siku vidoa vinapopotea. Lakini angalia vimekaa wapi! Vikiwa vimepangana kwenye mifuniko ya matamvua na ukingo wa mbele wa mapezi ya kifuani tu, samaki anachangamka, huyo ni dume anayetaka kuzaliana. Mimi nilimnywesha dawa dume mzima wiki nzima, maskini, kosa lake mapenzi.

Halafu mtazame kutoka juu. Tumbo limevimba na magamba yamesimama kama tunda la mvinje? Hapo sikufichi, wachache sana wanapona. Akielea kichwa chini baada ya kula, hasa wale wa duara, mara nyingi kameza hewa pamoja na chakula kinachoelea. Mnyime chakula siku mbili, kisha loweka punje kabla ya kumpa.

Leo usiku badilisha theluthi ya maji. Mapya yawe yamekaa kwenye ndoo wazi siku nzima, au tia dawa ya kuondoa klorini, na joto lake lilingane na la tangini. Ongeza hewa, maana joto hili la Dar linapunguza oksijeni majini. Umeme ukikatika, chota kwa kikombe umimine kutoka juu, mara kwa mara. Nimeshakesha hivyo, mke wangu ananiona sina akili.

Ile ya bluu iache kabatini. Nyingi ni methilini bluu, na hiyo ikiingia kwenye tangi lenye filta inaweza kuwaua bakteria wako, urudi kwenye balaa langu la Jumamosi. Tupe ukubwa wa tangi na mara ya mwisho ulibadilisha maji lini, na utupie picha mbili, ya ubavuni na ya kutoka juu.