Shangazi, ni mimi niliyemvutia mama ugonjwa?

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 34, naishi Dar es Salaam na mume na watoto wawili. Mwaka jana niliingia kwenye kundi la WhatsApp la kujiendeleza kiroho. Tunafundishwa kanuni ya mvuto, kwamba mawazo yana mtetemo, na kile unachokiwaza na kukihisi ndicho ulimwengu unakuletea. Lilinisaidia. Niliacha kunung'unika, nikaanza hata biashara ya vitenge.*

*Mwezi wa tatu mama yangu, aliyekuwa akiishi Muheza, alikutwa na saratani ya titi. Nimemchukua, yuko kwangu, ameanza dripu za kemo. Nilipomweleza kocha wetu aliniuliza, "Ulikuwa unaogopa nini mwaka mzima?" Nikakumbuka kwamba tangu mama mdogo afariki kwa ugonjwa huohuo nimekuwa na hofu. Akasema hofu yangu ndiyo iliyofungua mlango, na kwamba mama naye ana kinyongo cha zamani alichokibana kifuani. Akanishauri nisiende naye hospitali kwa sababu mtetemo wa pale uko chini, na nyumbani tusiutaje ugonjwa. Nimetii. Mdogo wangu wa kike ndiye anayempeleka kliniki.*

*Wiki iliyopita mama alianza kuniambia habari za kiwanja chake na mahali anapotaka kuzikwa. Nikamwambia, "Mama, futa kauli." Alinyamaza, na mpaka leo hajazungumza nami vizuri. Sasa kocha anasema hatua ya pili ya mafunzo, shilingi 350,000, itanifundisha kumponya kwa taswira. Je, ni mimi niliyemvutia mama ugonjwa? Nilipe?*

*Mwenye Hatia, Dar es Salaam*

Marahaba mwanangu.

Hapana, hukumvutia mama ugonjwa. Naliandika hilo mwanzo kabisa ili hata ukishindwa kuendelea kusoma uwe umelipata. Na hiyo pesa usiilipe. Itafika wakati utaihitaji kwa nauli, matunda na dawa za kichefuchefu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikifika pale pa "futa kauli" naiweka chini kwanza. Nitaparudia. Lakini kabla ya hapo nataka ujue ulichokibeba kimetoka wapi, maana mafundisho haya huletwa kama siri ya kale iliyofichwa na wakubwa wa dunia, na mtu akishaamini hivyo anaogopa hata kuyahoji.

Katika karne ya 19, huko Maine, kaskazini mashariki mwa Marekani, alikuwapo fundi saa aliyeitwa Phineas Quimby. Ujanani aliugua ugonjwa ulioaminika kuwa kifua kikuu, na dawa aliyopewa, yenye zebaki, ikamharibu meno. Siku moja akapanda gari la farasi, akalikimbiza mpaka mwili ukamchangamka, akarudi nyumbani akijiona mzima. Miaka ilivyosonga akafikia imani kwamba ugonjwa ni kosa la fikra: mgonjwa ameshika uongo, mwondolee ule uongo atapona. Mwaka 1859 akafungua ofisi mjini Portland na wagonjwa wakamiminika. Mimi simdharau. Madaktari wengi wa zama zake walikuwa wakiwatoa watu damu na kuwanywesha sumu, kwa hiyo mtu aliyekaa na mgonjwa akamsikiliza bila kumdhuru alikuwa amemtendea jema. Lakini naye alifariki mwaka 1866, ana miaka 63. Ningependa umuulize kocha wako ni wazo gani lililomuua.

Waliokuja baada yake waliikuza imani hiyo mpaka ikawa harakati nzima, iliyojiita Fikra Mpya. Mwaka 1906 William Walker Atkinson, mwanasheria aliyekuwa amegeukia uandishi huko Chicago, alichapisha kitabu kilichosambaza maneno yaleyale mnayoyatumia kundini kwenu, mtetemo wa mawazo na kanuni ya mvuto. Zilikuwa zama za Marconi, yule wa mawasiliano ya redio. Watu walikuwa wameduwaa kuona habari zinasafiri hewani bila waya, na mtu akiambiwa kwamba mawazo nayo husafiri vivyo hivyo, anaona inawezekana. Ulikuwa mfano mzuri, ila hakuna aliyewahi kuupima akaukuta. Umeme wa ubongo upo kweli, lakini ni mdogo mno, hata hospitalini inabidi wakubandike vijiwaya kichwani ndipo mashine iusome. Hautoki kwako Dar ukafika kifuani mwa mama Muheza.

Mwaka 2006 Rhonda Byrne, mtayarishaji wa vipindi vya televisheni kutoka Australia, aliyafanya mafundisho hayo filamu na kitabu, yakaenea dunia nzima. Na kama umelelewa kwenye ibada za kukiri na kupokea, usishangae kwamba yalikuingia upesi. Wapo wanahistoria wanaoona kwamba Fikra Mpya iliingia kwenye ibada hizo kupitia kwa mhubiri wa Marekani E. W. Kenyon, ambaye ujanani alisoma Boston katika chuo kilichokuwa kimezama ndani ya Fikra Mpya. Masikio yako yalikwisha kuuzoea wimbo.

Sasa tuje kwenye kidonda chenyewe. Kwetu mtu akiugua, tangu zamani kuna watu wanaouliza, "Nani kamroga?" Tunajua swali hilo limetufikisha wapi. Huko Usukumani wapo bibi zetu waliouawa kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, na yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni. Wewe umesoma, ungekataa kabisa kumnyooshea kidole jirani. Lakini angalia ulichofundishwa: kocha ameuliza swali lilelile, na jibu lake ni kwamba mama amejiroga mwenyewe kwa kinyongo na wewe umemsaidia kwa hofu. Mama amekatwa kinyama cha titi kikaenda kupimwa, nywele zinamtoka, na juu ya hayo yote anabebeshwa na kosa. Huo ni ukatili, mwanangu. Hata ukisemwa kwa sauti ya upole na alama za mioyo kwenye simu, ni ukatili.

Na uone jinsi kanuni ile inavyojilinda. Ukipata, kanuni imefanya kazi. Ukikosa, hukuamini vya kutosha. Haiwezi kushindwa hata siku moja, anayeshindwa ni wewe tu. Ndiyo maana inakuwa vigumu kutoka.

Kama ingekuwa kweli kwamba hisia ndizo zinazoamua nani atapona saratani, ingeonekana. Mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na James Coyne wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walitoa matokeo ya wagonjwa 1,093 wa saratani za kichwa na shingo. Walikuwa wamewauliza kuhusu hali yao ya moyo, kisha wakafuatilia nani anaishi na nani anafariki. Wenye moyo mkunjufu hawakuishi zaidi ya wenye majonzi. Najua habari hiyo inaweza kukuvunja moyo kidogo, kwa sababu inakunyima ule uwezo uliodhani unao. Lakini isome upande wa mama: ana ruhusa ya kulia. Akikasirika, akiogopa usiku, akikataa kutabasamu mbele ya wageni, hajiui.

Hofu yako nayo ilikuwa na sababu. Mama mdogo alifariki kwa saratani ya titi, na sasa dada yake ameipata. Hiyo ni habari ambayo daktari anaitaka. Saratani nyingi za titi hazirithiwi. Zinazotokana moja kwa moja na jeni za kurithi ni kama 5 hadi 10 kati ya 100. Lakini ndugu wa damu wawili wakiugua, inabidi mtu aulize: mama mdogo aliugua akiwa na miaka mingapi, kuna ndugu mwingine, je wewe na mdogo wako mpimwe lini na kwa njia gani. Umekuwa na habari hiyo mkononi muda wote huu, na umefundishwa kuionea aibu.

Unasema kundi lilikusaidia, nami nakuamini. Kuacha kunung'unika ni jambo zuri, na kuandika kila jioni mambo ya kushukuru hakujamdhuru mtu. Ila biashara ya vitenge hukuletewa na ulimwengu. Mwaka 1999 Lien Pham na Shelley Taylor walichapisha jaribio walilofanya na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliokuwa wanakaribia mtihani. Baadhi waliambiwa kila siku wajione wamepata alama ya juu, wanavyofurahi na kujivunia. Wengine wajione wamekaa mezani, wamezima televisheni, wanasoma. Waliojiona wakisoma walifanya vizuri. Wale wa kuona alama tu walisoma kwa saa pungufu na wakapata alama za chini. Wewe uliamka, ukaenda kununua mzigo, ukakopesha, ukadai. Sifa hiyo ni yako, usimpe kocha.

Kuhusu kutii kila anachosema kocha, kuna jambo lilitokea Arizona, Marekani, Oktoba 2009. James Arthur Ray, mmoja wa walimu walioonekana kwenye ile filamu ya 2006, aliwaingiza watu zaidi ya 50 kwenye hema lenye mawe ya moto na mvuke. Walikuwa wamelipa zaidi ya dola 9,000 kila mmoja. Waliambiwa kwamba kuzidiwa ni kizuizi cha kuvuka, kwa hiyo wengi walibaki ndani huku miili yao ikiwaambia watoke. Watatu walikufa. Mwaka 2011 alikutwa na hatia ya kusababisha vifo kwa uzembe akahukumiwa kifungo cha miaka miwili. Simlinganishi kocha wako na mtu huyo. Nakutajia kwa sababu ya lile la kufundishwa kutousikiliza mwili, maana hilo liko nyumbani kwako sasa hivi. Mgonjwa aliye kwenye kemo kinga yake inashuka. Akipata homa, ni ya kumkimbiza hospitali siku hiyohiyo, hata iwe saa nane za usiku. Sasa fikiria mama anahisi baridi na kutetemeka, halafu anakumbuka kwamba kwa binti yake ugonjwa hautajwi. Atasema? Atajifunika shuka anyamaze.

Hapo ndipo ninaporudi kwenye "futa kauli". Baba yangu aliumwa miezi saba. Kila alipofungua kinywa tulimwambia, "Utapona baba, usiseme hivyo." Tulidhani tunampa nguvu. Siku tatu kabla hajafariki alimuita mlinzi wa zamu wodini, mtu asiyemjua hata jina, akazungumza naye karibu usiku kucha. Yule mlinzi alikuja msibani akatueleza machache. Mengine alisema aliombwa ayaweke. Ni miaka mingi sasa, na bado kuna siku namuonea wivu yule kijana.

Mama yako alikuchagua wewe, si mlinzi. Alitaka kukukabidhi kiwanja na kaburi, mambo mazito kuliko yote aliyonayo, na kuyataja hakumletei kifo. Wazee wetu wa pwani walikuwa wakiweka sanda zao kwenye sanduku miaka na miaka, wakizitoa kuzianika jua likiwa kali, na wakaendelea kuishi. Na huo ulimwengu mnaouomba, katika Kiswahili chetu ulimwengu ni mahali pa kupita. Walimwengu ndio wenye maneno. Haukuwahi kuwa na masikio ya kumnasa mama anaposema anataka kuzikwa Muheza.

Nenda ukamuombe radhi leo. Usianze na hotuba ya kundi wala mtetemo, hana nguvu ya kuisikiliza. Kaa chini karibu na miguu yake, umwambie, "Mama, nisamehe. Nilikukatisha siku ile. Niliogopa." Kisha nyamaza. Anaweza asijibu siku hiyo. Mkandekande miguu, mpe uji, rudi kesho yake.

Kundini toka kimyakimya. Huna deni la maelezo. Kocha akikupigia, mwambie unamuuguza mama na hutaendelea, basi. Akikuambia kutoka kwako kutamdhuru mama, namba yake ifungie.

Ongea na mdogo wako pia. Amembeba mama peke yake siku zote za kliniki, akiwa hajui kwa nini dada yake mkubwa hatokei. Huyo naye ana machozi yake. Gawaneni siku.

Kliniki ijayo nenda wewe. Chukua daftari lako lile la shukrani, kurasa zilizobaki zitatosha. Andika maswali ya daktari: dripu zimebaki ngapi, upasuaji ni kabla au baada, mionzi itahitajika, homa ikianza apigiwe nani. Andika umri wa mama mdogo alipougua. Na mkiwa kwenye benchi mnasubiri kuitwa, maana mtasubiri sana, mgeukie mama umuulize habari za kile kiwanja: kimepakana na nani, hati iko wapi, na ule mwembe uliopo ni wa kwake au wa jirani. Uandike kila anachosema, kwa maneno yake mwenyewe.