Uliza Kwanza, Eleza Baadaye: Nilichojifunza kwa Freeman Tilden

Wiki iliyopita kijana anayeanza kazi ya kuongoza wageni aliniandikia akitaka kujua afanyeje ili wageni wasipige miayo magofuni. Namjibu hapa, kwa kuwa najua wengi wenu mnaotamani kufika mbali katika kazi hii mna swali hilo hilo.

Mwaka wangu wa kwanza Kilwa Kisiwani niliwapeleka wanafunzi wa shule ya msingi Husuni Kubwa, magofu ya kasri la kale. Nilikuwa nimekariri yote: Sultani al-Hasan bin Sulaiman, karne ya 14, vyumba zaidi ya 100, mawe ya matumbawe na chokaa. Nilisema mfululizo, watoto wakichora mchangani kwa vijiti. Tulipofika kwenye bwawa la pembe nane, msichana mmoja akauliza, "Maji ya kujaza hili walichota wapi?" Nikamwambia asinikatize. Mwalimu wao akanieleza mbele ya wote kwamba hayo yangesomwa darasani bila kulipa nauli ya mashua. Maneno yale bado yananiuma.

Miaka mingi baadaye nilimsoma Freeman Tilden, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1883, mwandishi wa magazeti, riwaya na tamthilia, ambaye alianza kushirikiana na idara ya hifadhi za taifa za nchi yake mwaka 1941, akiwa anakaribia miaka 60. Mwaka 1957 alitoa kitabu chenye kanuni sita za ufafanuzi wa urithi, yaani kazi ya kuwafunulia wageni maana ya mahali wanapotembelea. Kwake, taarifa tupu si ufafanuzi, kwani kufafanua ni kufunua kilichomo ndani ya taarifa. Lengo kuu si kufundisha bali kuchokoza fikra. Na watoto wasipewe maelezo ya watu wazima yaliyopunguzwa, bali watengenezewe njia yao kabisa. Nilipoisoma kanuni hiyo ya mwisho nilimkumbuka yule msichana, nikafunga kitabu.

Basi, mdogo wangu, uliza kwanza. Tarehe zako ziweke akiba mpaka mgeni mwenyewe azitake, na mtoto akikukatiza, nyamaza umsikilize, kwa maana amekwisha kuifanya nusu ya kazi yako. Uliza kwanza, hata mbele ya wasomi.

Siku hizi nikifika bwawani nawauliza wageni ni nani huchota maji nyumbani kwao, na mtu mmoja huoga kwa ndoo ngapi. Mwezi uliopita darasa moja lilibishana mpaka nahodha akatuita kwa kuwa maji yalikuwa yanakupwa, na ndani ya mashua mvulana mmoja alikuwa bado anahesabu ndoo kwa vidole.