Umeongezwa mshahara ukiwa kwenye ufilisi? Subiri kwanza kutangaza kwenye grupu la familia

Mwezi wa tatu tangu nisaini makaratasi ya kufilisika ulikuwa unaisha, supavaiza akaniita kwenye kile kiofisi chake cha vioo pale ghalani, nikajua tayari, kazi imeisha. Kumbe ananipa uongozi wa shifti ya usiku na dola 3 zaidi kwa saa. Nilitoka pale natetemeka kwa furaha, kabla hata sijafika kituo cha basi nilishaandika kwenye grupu la familia, na si unajua grupu la familia likipata habari kama hiyo, ndani ya dakika kumi mama kashajibu alhamdulillah, baba mdogo kashauliza bei ya simenti ikoje, dada kashakumbuka ada ya mtoto.

Mtu ambaye sikumwambia ni trasti wangu. Na ndo alitakiwa awe wa kwanza kuambiwa.

Niko Kanada, Ontario, kwa hiyo ninachoandika hapa ni sheria ya Kanada, ukiwa Uingereza au Marekani mambo ni tofauti kabisa usije ukanibebesha lawama. Trasti ndo yule mtu mwenye leseni ya serikali anayesimamia kufilisika kwako, huwezi kujaza makaratasi ya kufilisika bila yeye. Deni langu lilikuwa dola elfu 38, kadi za mkopo nne na mkopo mmoja wa benki, jinsi nilivyofika huko ni stori ya siku nyingine ila ina msiba, tiketi za ndege za dharura na ubishi wangu mwenyewe wa kutaka kuonekana mambo safi.

Watu wengi wakisikia mtu kafilisika wanadhani ndo basi, madeni yamefutwa asubuhi yake. Hapana. Ukijaza, wadai wanaacha kukupigia simu na kukukata mshahara, lakini unaingia kwenye kipindi cha kusubiri kabla hujaachiwa, yaani kabla madeni hayajafutwa rasmi. Kwa mtu wa mara ya kwanza ambaye kipato chake ni cha kawaida kipindi hicho ni miezi 9. Kila mwezi unatuma fomu ya mapato na matumizi pamoja na slipu za mshahara, unahudhuria vikao viwili vya ushauri wa fedha, unalipa kile mlichokubaliana na trasti. Mimi nilikuwa nalipa dola 200 kwa mwezi. Mara tisa, 1,800, kwaheri. Nilikuwa nimeshaweka alama kwenye kalenda ya simu.

Sasa hapo kwenye "kipato cha kawaida" ndo penye kazi.

Serikali ina kikomo cha kipato kwa kila ukubwa wa kaya, kinapangwa upya kila mwaka kufuatana na gharama za maisha. Kinapimwa kwa hela inayokufikia mkononi baada ya kodi, sio ule mshahara mkubwa ulioandikwa kwenye barua. Ukizidi kikomo, kilichozidi kinaitwa ziada. Ziada ikiwa chini ya dola 200 hakuna anayekusumbua. Ikifika 200 na kuendelea, nusu ya ziada YOTE unalipa, na sio nusu tu, kipindi chako kinatoka miezi 9 kinaenda 21. Soma tena hiyo. Ishirini na moja. Kama ni mara yako ya pili kufilisika inatoka 24 inaenda 36.

Ngoja nipige hesabu yangu maana maneno matupu hayaingii. Kikomo nitakiweka 2,700 ili namba ziwe rahisi, na hizi zangu nimezilainisha kidogo, wewe uliza cha mwaka wako na kaya yako. Kabla ya kupanda cheo nilikuwa napokea kama 2,850 mkononi, ziada 150, niko salama. Dola 3 kwa saa, wiki ya saa 40, kwa mwezi ni kama 520, wakishakata kodi na makato mengine zinabaki kama 380. Ziada yangu ikaruka kutoka 150 mpaka 530. Trasti haangalii mwezi mmoja mmoja, anachukua wastani wa kipindi. Miezi mitatu ya 150, miezi minne ya 530, ukigawanya kwa saba unapata kama 367. Nimevuka. Miezi 21.

Na kwa miezi 21 yote, nusu ya ziada inakuja kama dola 4,995. Nilishalipa 1,400 katika ile miezi saba, iliyobaki ukigawanya kwa miezi 14 ni kama 257 kila mwezi. Kwa hiyo angalia kitu cha ajabu hapo, malipo ya mwezi yalipanda dola 57 tu. Kilichonimaliza ni miezi.

Barua ya trasti ya kuniambia hiyo miezi 21 ilinikuta nimetoka shifti, saa moja na nusu asubuhi, nikaisomea jikoni nimesimama na koti la baridi bado mwilini. Chai ilipoa. Maana mimi kichwani mwezi wa 10 tangu nisaini nilishaugawa. Ile 380 ya nyongeza ilikuwa inaenda Tanga yote kama ilivyo, tunamjengea mama vyumba viwili vya nyuma, na nilishamwambia mama kwamba kuanzia mwezi wa 10, nikishaacha kulipa ile 200, nitakuwa natuma 580. Fundi kashaambiwa. Msingi umeshachimbwa. Sasa badala ya kuongeza 200 natakiwa nitoe 257, kwa mwaka mzima mwingine.

Nikampigia trasti, au tuseme msaidizi wake, dada mmoja mpole sana ndo alikuwa anashughulikia faili langu. Nikamwambia mbona mimi hiyo hela siioni, yote naituma kwa mama yangu, nina slipu zote za kutumia. Akanyamaza kidogo, akaniambia hela yako ukishalipa unachotakiwa kulipa unaweza kumtumia umtakaye, lakini kutuma nyumbani haipunguzi ziada. Kinachopunguza ni vitu vinavyotambulika, kama matunzo ya mtoto au mwenza wa zamani unayotakiwa kulipa, gharama za kulea mtoto ili uende kazini, dawa na matibabu, gharama ambazo kazi yako inakulazimisha, faini za mahakama. Na kaya wanayohesabu ni watu unaoishi nao hapa. Mama aliyeko Tanga hayumo hata kama anakula kwa mkono wako.

Hiyo iliniuma kuliko ile miezi 12. Kwetu sisi kumtunza mzazi sio starehe, lakini fomu haina mstari wake, kuna kisehemu cha "mengineyo" tu. Ndo nikaanza kuelewa kwamba nilikuwa natangaza mshahara ambao nusu yake ya juu haikuwa yangu.

Kosa la pili lilikuwa fomu. Sikuficha kitu, ila mwezi wa nne na wa tano sikutuma, nilikuwa nazoea usiku, nalala mchana, nasema kesho. Nikazituma zote mwezi wa sita kwa mkupuo. Msaidizi akaniambia wazi kwamba fomu zikikosekana trasti anaweza kupinga kuachiwa kwangu, na ikifika hapo hakuna cha miezi 9 wala 21 kwa mkato, ni mpaka ukasimame mahakamani. Kwa hiyo ukiongezwa mshahara, siku hiyo hiyo piga picha ya barua, tuma, andika tarehe inayoanza. Mstari mmoja wa imeili unatosha. Ovataimu na bonasi nazo zinaingia. Na kama kazini kwenu kuna chama cha wafanyakazi na mkataba umechelewa kusainiwa, yale malimbikizo yakija kwa mkupuo nayo ni kipato, yanaweza kuuinua wastani wako peke yake, kwa hiyo uliza mapema usije ukayanunulia tiketi.

Halafu usifadhaike kama mimi na mwezi wenye slipu tatu. Ukilipwa kila baada ya wiki mbili, mwaka una miezi miwili ambayo mshahara unaingia mara tatu. Mwezi wangu wa pili ulikuwa hivyo, nikaona namba imepaa nikadhani nimeshapotea. Wastani unailainisha hiyo.

Kuna jamaa wa kazini, mtu mzima anayejua kila kitu, akanishauri nimwambie bosi zile dola 3 anilipe pembeni kwa keshi. Jamani. Kwanza kampuni kubwa haiwezi, pili kuficha kipato au mali ukiwa mufilisi ni kosa la jinai. Mwingine akasema kataa cheo mpaka mwezi wa 10. Hili nililifikiria kweli, usiku mzima, na kuna mtu linaweza kumfaa, mfano kama nyongeza ni ndogo tu ya kukuvusha ile 200 kwa dola kumi na tano, hapo kupunguza ovataimu kwa miezi michache inaweza kukuokolea mwaka mzima, kaa na trasti muipige hesabu mapema. Lakini kwangu? Dola 380 kwa miezi 18 ni 6,840. Nilichoongezewa kulipa ni kutoka 1,800 kwenda 4,995, yaani kama 3,200. Bado nimebaki na 3,600 na zaidi juu, na cheo kinabaki kwangu nikishaachiwa. Anayekwambia nyongeza ya mshahara itakutia hasara hajapiga hesabu, wanachukua nusu ya kilichozidi, hawachukui yote.

Kama hujajaza bado na unajua kuna nyongeza inakuja, mambo yako ni tofauti na una bahati kuliko mimi. Uliza habari ya pendekezo kwa wadai. Hapo trasti anawaandikia wadai wako kwamba utalipa kiasi fulani cha deni, kwa muda usiozidi miaka mitano, na wakikubali kiasi hakibadiliki, uongezwe mshahara usiongezwe. Inawezekana kama deni lako halizidi dola 250,000 bila kuhesabu mkopo wa nyumba unayoishi. Ubaya wake ni mrefu, na ukirundika malipo ya miezi mitatu linavunjika lenyewe. Mimi niliambiwa siku ya kwanza kabisa nikalikataa kwa sababu nilisikia tu "miaka mitano" na "miezi 9", masikio yakachagua. Trasti aliniuliza kabisa, unategemea mabadiliko yoyote kazini? Nikasema hapana, wakati supavaiza alishanidokeza kwamba kuna mabadiliko yanakuja.

Wenye ndoa mjue pia kwamba kipato cha mwenza kinaingia kwenye kupiga hesabu ya kaya hata kama hajafilisika na deni sio lake. Halipi deni lako, lakini slipu zake zitaulizwa, kwa hiyo zungumzeni mapema nyumbani kuliko agundue kwa barua. Na urithi sio mshahara: ukirithi kabla hujaachiwa, hakuna habari ya nusu, unaenda kwa trasti, na kile kiwanja chenye jina lako huko nyumbani nacho unatakiwa kukitaja. Rejesho la kodi la mwaka uliofilisika nalo usilipangie safari.

Kazini hakuna aliyejua, kama hilo linakutia hofu. Supavaiza mpaka leo ananiuliza kwa nini sinunui gari.

Kumwambia mama ndo ilikuwa ngumu. Nilizunguka wiki mbili. Nikampigia Jumapili, shikamoo mama, marahaba mwanangu, nikamweleza kwamba ile hela ya mwezi wa 10 haipo, na kwamba nilikuwa na madeni huku, jambo ambalo nilikuwa sijawahi kumwambia. Nilitegemea atalia. Akaniuliza unakula lakini? Nikasema nakula. Akasema basi vyumba vitasubiri, msingi hauozi, halafu akanigombeza kwa kumtumia zote 380 wakati nina deni, na akamwambia baba mdogo aache kuuliza simenti. Sasa natuma 150. Zilizobaki nalipa trasti kwanza siku ya mshahara, kabla sijafungua WhatsApp, nyingine naweka pembeni.

Nimebakiza miezi minne. Fomu ya mwezi huu nimeshaijaza nusu, nasubiri slipu ya Ijumaa.